Kibeleshi cha Mwezini

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza mafunzo ya uinjinia. Maabara yenyewe sasa! Masinia makubwa ya udongo wa bandia, wa kijivu, laini kama poda, uliosagwa ufanane na ule wa mwezini. Kazi yangu ni kuunda kibeleshi cha mota cha kuuchota, ili ijulikane kama mashine itauweza kule juu. Tuko wanagenzi wawili. Mwenzangu kila kitu anakipima mara tatu, nimembandika jina Rula. Injinia Mkuu, mama mpole asiyerudia neno, amesema Ijumaa mmoja wetu ataajiriwa. Nimempigia mama, nikamwambia mwanao yuko njiani kwenda mwezini. Akauliza kama nimebeba sweta.

Jumanne, 5 Machi
Kibeleshi cha Rula kimechota kikajaa pomoni. Changu kimetoka na vumbi la kupigia chafya. Injinia akasema kingo zake ni fupi, nikate upya nyingine ndefu. Kukata upya ni kibarua cha siku nzima. Kwa nini nihangaike na kibeleshi ilhali mkaidi ni udongo? Njia nzima nimecheka peke yangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimefika kabla ya watu. Nikaazima chupa ya kupulizia maji ya mfanya usafi, nikaunyunyizia udongo wangu. Kidogo tu. Weee! Kibeleshi kikachota bonge zima, kama unga uliokandwa. Injinia akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema kesho wanakuja wageni wanaougharimia mradi, na kitakachoonyeshwa ni changu. Rula akauliza kingo nimezikata saa ngapi. Nikamjibu akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akanipa mkono wa pongezi. Afadhali angenuna.

Alhamisi, 7 Machi
Hakuna aliyenidokeza kwamba wageni wakija huwashwa zile taa kubwa za kuiga jua. Zimewaka asubuhi nzima. Udongo wangu umekuwa tofali. Nikabonyeza. Kibeleshi kikanasa, mota ikalia, kisha kikang'oa gamba zima na kulirusha kwenye kiatu cha mgeni mkubwa. Injinia akaokota kipande, akakivunja, akauliza maji yametoka wapi. Nikasema huenda ni umande. Akanikumbusha kwamba chumba hakina hata dirisha.

Baadaye akaniita pembeni.

"Mwezini hakuna wa kukunyunyizia," akasema. "Hapa tukidanganyana, kule mashine inakwama, na jasho la watu la miaka limepotea."

Nikaona aibu. Ya kweli, si ya kuombea msamaha.

Ijumaa, 8 Machi
Ajira kapewa Rula. Halali yake. Halafu, makubwa haya! Rula huyohuyo kaniombea nibaki mwezi mmoja zaidi. Amemwambia Injinia kwamba lile tofali limeonyesha mota yetu ina nguvu kuliko walivyodhani, na aliyeifunga mota ni mimi. Injinia akakubali kwa sharti: nichekeche udongo wote, na nikate kingo kama alivyosema tangu mwanzo. Nimebaki! Nimewaapia wote wawili kwamba maji sitayagusa tena.

Na sitayagusa. Mafuta ya mashine hayakaushwi na taa. Nimeliona kopo chini ya meza ya Rula, limejaa.