Matumbo Niliyoyakaanga Kakuma

Leo nimeaibika, tena kwa bidii yangu mwenyewe.

Nyinyi wenzangu mliobaki Lodwar mnajua kilichotuleta Kakuma. Wataalamu watatu wanatafiti njaa, kila mmoja na elimu yake: Bwana Udongo, daktari wa mifugo na Bi Lishe. Mimi ni msimamizi wa kambi yao tu, lakini vitabu vyao nimevisoma vyote kwa taa ya chemli. (Ndiyo, hata kile cha minyoo.)

Wanataka kupanda mtama wa majaribio kando ya mto Tarach, mahali ambapo Mzee Ekal na wafugaji wenzake wa Kiturkana hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mawingu yameanza kukusanyika, mbegu ziko tayari, lakini bila ruhusa yake jembe haligusi ardhi. Mzee alisema atatoa mbuzi achinjwe, kisha atajibu. Mimi nikaelewa hivi: watu watakula, watashiba, watakubali. Mpango safi!

Asubuhi mbuzi akachinjwa. Wachinjaji wakatandaza matumbo juu ya majani, wakaenda hemani kumwita mzee. Huko wakamkuta Bwana Udongo anaeleza habari za mchanga. Huyo akianza hamalizi. Nao wakaketi kungoja.

Mimi nikabaki nayatazama yale matumbo. Jua kali. Nzi wanakuja kwa makundi. Tumetumwa kupambana na njaa, na chakula kinaoza mbele ya macho yangu! Nikayakusanya. Nikayaosha kwa uangalifu, nikayakata vipande vinavyolingana, nikayachemsha, nikayakaanga kwa kitunguu na nyanya. (Kwetu Kakamega hakuna mgeni anayeyakataa.)

Hatimaye Mzee Ekal akatoka hemani, wazee wenzake na wataalamu nyuma yake.

"Ejok, mzee!" nikasema, nimeshika mwiko.

"Ejok. Matumbo iko wapi?"

Nikafunua sufuria kwa fahari.

Daktari wa mifugo akajishika kichwa. "Ndugu yangu, mzee alikuwa ayaangalie kwanza! Humo ndimo anamoona mvua, mto, malisho, na kama shamba letu litakuwa na heri!"

Hilo halikuwamo katika kitabu chochote nilichosoma.

Mzee akachuchumaa, akakoroga kwa fimbo yake ndogo, akachungulia.

"Hii nyekundu ni nini? Vita?"

"Nyanya, mzee."

"Na hii nyeupe?"

"Kitunguu."

Akawageukia wenzake. "Mwaka huu mvua nanyesha kitunguu!" Wazee wakaangua kicheko, mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda chake.

Bwana Udongo akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Na shamba, mzee?"

"Shamba nitaona wapi? Huyu mpishi yako amekata mto yote vipande vipande." Akaokota kipande kimoja, akatafuna polepole. "Chumvi mingi."

Bi Lishe peke yake ndiye aliyenitetea. Aliomba aongezewe.

Basi jibu hakuna. Kesho mzee atatoa mbuzi mwingine, na sharti lake ni moja: mpishi afungiwe ndani ya gari mpaka matumbo yaangaliwe. Wataalamu watatu, ambao tangu tufike hawajawahi kukubaliana jambo lolote, wamekubali papo hapo.

Mkitaka kucheka, chekeni. Lakini mkikuta kitu kimetandazwa chini, ulizeni kwanza ndipo mwinjike sufuria.