Ombi la Kumtoa Shemeji Nesi Kwenye Kundi la Ukoo

Kwa Baba Mkubwa,
Mwenyekiti wa Ukoo.

Kuhusu: Mwenendo wa mke wa Kaka katika kipindi hiki cha maradhi

Shikamoo Baba Mkubwa,

Natumaini barua hii itakukuta umefungiwa salama, kama sisi huku tulivyofungiwa salama. Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu ninayemlalamikia anasoma kila kinachowekwa kwenye kundi la simu la ukoo, kisha anakijibu, na huko kujibu ndiko kiini cha malalamiko yangu. Barua ataileta dereva wa lori la unga, ambaye ana kibali cha kupita vizuizini.

Kama ujuavyo, shule yangu ya udereva imefungwa tangu ilipotolewa amri ya kutotoka nje. Gari langu la kufundishia liko uani, kuku wamelifanya banda. Kwa kuwa muda ninao, nimeutumia kulisimamia kundi la ukoo na kuongoza mjadala wa chanjo, na kwa kweli mjadala ulikuwa unakwenda vizuri mno. Asubuhi mtu anatuma video, mchana tunaiunga mkono, jioni tunaanza upya. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu ule ugomvi wa shamba walirudi kuitana ndugu yangu wa damu. Ndipo Shemeji naye akaanza kuchangia.

Jambo lenyewe linamhusu Mama. Mama ana sukari, na umri umekwenda. Siku moja alituma ujumbe wa sauti kundini, akasema, "Wanangu, mimi nataka kuchanjwa. Nani atanipeleka?" Sote tulikubaliana kwamba hilo ni swali zito na halifai kujibiwa kwa pupa. Sasa wachanjaji wamepiga kambi kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, na watakuwapo mpaka mwisho wa wiki. Shemeji anasema atampeleka yeye. Kwa kuwa mke wa Kaka hatolewi bila amri yako, ninaomba umtoe kundini mara moja, Mama asije akapata mtu wa kumshika mkono. Sababu zangu ni hizi:

1. Shemeji anajibu maswali.

Katika mjadala wa watu wenye heshima, swali huulizwa ili liendelee kuulizwa. Binamu yetu tunayemwita Profesa, jina alilolipata kwa kurudia darasa moja mpaka akawa anamsaidia mwalimu kugawa chaki, aliuliza hivi: "Hii chanjo mbona imepikwa haraka hivyo?" Swali zuri, lingetuweka pamoja hata mwezi mzima. Watu wakaanza kulichangia kwa moyo. Huyu haraka haraka haina baraka, yule chema chajiuza. Shemeji akaandika maneno machache tu, kwamba wataalamu walikuwa wanavichunguza virusi vya ukoo mmoja na hivi miaka mingi kabla ya ugonjwa huu, hawakuanzia sifuri. Basi! Profesa akalifuta swali lake. Mtu mzima, mbele ya watoto wa kuzaa mwenyewe! Ilinibidi nitume picha ya maua ili kundi lichangamke.

2. Haheshimu ushahidi.

Ujumbe unapofika na maneno yale "Umesambazwa mara nyingi", maana yake watu wengi wameshauchunguza kabla yako. Yeye huuliza umeandikwa na nani. Tulimletea maelezo ya daktari bingwa wa ng'ambo, ambaye kwa ajili ya usalama wake hakutaja jina, wala nchi, wala hospitali, akathibitisha kwamba aliyechanjwa huvuta vyuma. Mama Mdogo, ambaye hapendi kuamini jambo bila kulipima, alimwita mpangaji wake aliyechanjwa akambandika kijiko begani. Kijiko kikaanguka. Alipokipaka asali kikashika vizuri sana, na picha aliituma. Shemeji aliweka alama za kucheka, mstari mzima. Mama Mdogo ni mtu mzima, Baba Mkubwa, na hakustahili kuchekwa kwa kazi ya kisayansi.

3. Ameichukua kazi yangu akanipigia nayo.

Niliuliza kundini, kwa upole, kwa nini mtu achanjwe ilhali haumwi. Shemeji akaniandikia, "Shemeji yangu, wanafunzi wako unawafunga mkanda kabla ya kugonga au wakishagonga?" Unanijua msimamo wangu kuhusu mkanda. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kutoka getini kwangu bila kujifunga. Hata hakimu mmoja aliyesema mkanda unambana tumbo nilimshusha, akaenda zake kwa miguu. Nilimjibu Shemeji kwamba mkanda unaonekana kwa macho, lakini chanjo ikishaingia mwilini haionekani tena, na dereva makini hategemei kitu asichokiona. Akaniuliza kama hewa ya kwenye tairi huwa naiona. Watu wakaanza kucheka, wakiwamo wa upande wangu. Nikalifunga kundi kwa muda kwa ajili ya matengenezo.

4. Aliuvuruga mkutano mkuu wa ukoo.

Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu wewe ulishiriki kwa simu iliyowekwa juu ya meza, na ulilalamika kwamba ulikuwa unasikia vikohozi tu. Tuliona kwamba amri ya kuzuia mikusanyiko haiwezi kupingwa na mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo tulikusanyika. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, nasi tulihakikisha tuko wengi. Ndugu waliingia kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, kama mtu anayekuja kuazima chumvi. Sebule ya Mama unaijua ilivyo. Viti vilipandana, vijana wakakaa sakafuni kati ya miguu ya wakubwa. Tulifunga madirisha na kushusha mapazia ili askari wa doria wasisikie hoja zetu. Barakoa tulizivua mlangoni, maana kuzungumza na mkubwa wako huku umejiziba mdomo ni utovu wa adabu, na wakubwa walikuwa kila kona.

Profesa aliazima kipaza sauti kwa yule mwenye vyombo vya harusi, kwa kuwa siku hizi harusi hakuna. Ni kweli kwamba aliyekaa nyuma angeweza kumgusa aliyekaa mbele bila kunyanyuka, lakini mkutano bila kipaza sauti ni maongezi tu. Kikapita kwa kila msemaji, na kila msemaji alikisogeza mpaka kikagusa midomo ndipo aamini kinafanya kazi. Profesa alikaa nacho muda mrefu kuliko wote, ingawa kikohozi kilikuwa kinamkatisha. Mama tulimpa kiti cha heshima pale katikati, karibu na wasemaji, kwa kuwa jambo lilikuwa lake.

Shemeji alitoka kazini akatukuta hivyo. Hakuingia. Alizunguka nyuma ya nyumba akiwa na sare zake, akafungua dirisha kutokea nje, akatuomba tumsogeze Mama mlangoni apate hewa. Kisha akaomba apewe kipaza sauti akifute kwa spiriti. Akifute, kana kwamba ukoo wetu una uchafu! Baba Mkubwa, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu yake ameikata zamani. Kaka aliinamisha kichwa, nami nikalifunga dirisha.

Azimio lilipita bila kupingwa: Mama asichanjwe mpaka mjadala ufike mwisho, na mjadala usiharakishwe kufika mwisho. Mama alinyoosha mkono akaomba kusema. Kwa bahati mbaya betri ya kipaza sauti iliisha zamu yake ilipofika, na katiba yetu hairuhusu kuzungumza bila kipaza sauti. Katiba hiyo tulikuwa tumeipitisha pale pale.

5. Anawatia watu hofu.

Baada ya mkutano ndugu kadhaa wamepata mafua. Tumechunguza, tukagundua ni vumbi la yale mapazia, ambayo yalikuwa hayajashushwa siku nyingi. Profesa hasikii harufu ya kitu chochote, jambo ambalo kwa mtu anayeishi karibu na jalala ni la kushukuru. Shemeji naye, badala ya kutuma pole kama watu, akaandika kundini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba wote waliokuwa sebuleni wajitenge. Methali ni zetu, sisi ndio tunaozitumia kuwakanya watoto. Mwolewaji anazitoa wapi?

Mama pia anakohoa kidogo. Nadhani ni yale maneno aliyotaka kuyasema mkutanoni, yamemkaa kifuani. Shemeji alikuja akamvalisha kidoleni kidude chenye taa nyekundu, kinachopima hewa ndani ya damu, akaniagiza nimpigie simu namba ikishuka. Nilikaa nakitazama. Baba Mkubwa, kile kidude hakina adabu, kila nikitazama namba imeshuka. Niliona kinamtisha Mama bure, nikakivua na kukifungia kabatini. Tangu hapo hakuna namba iliyoshuka tena.

6. Hatulii nyumbani.

Wakati sisi tunaitii amri ya kutotoka nje, huku tukiipinga kwa nguvu zote, yeye kila alfajiri anatoka na kibali chake. Akirudi anavulia viatu nje, anaoga uani, na watoto wake anaongea nao kupitia dirishani. Kaka siku hizi ndiye anayepika, ndiye anayeloweka zile sare kwenye ndoo, na mchango wake kwenye mjadala umekufa kabisa. Juzi nilimkuta Shemeji amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amelala na kiatu kimoja mkononi, alama ya barakoa imemchimba puani. Nikamwamsha, nikamwambia kama kweli huko wodini watu wanakufa kama anavyodai, atuletee picha kundini tuzijadili. Alivua kiatu cha pili, akaenda kuoga. Mtu akikosa hoja ndivyo anavyofanya.

Kwa hayo yote, ninaomba Shemeji atolewe kundini. Kama kumtoa ni vigumu kwa sababu ya Kaka, basi abaki lakini asome tu, asiandike. Kama na hilo litaonekana ni uonevu, aruhusiwe kuandika salamu za asubuhi na pole za misiba. Na kuhusu chanjo yenyewe, ninapendekeza uiandikie serikali, kwa niaba ya ukoo, iiahirishe mpaka ugonjwa uishe kabisa, ili tuichunguze kwa utulivu bila kusumbuliwa na wagonjwa.

Nakutakia afya njema na kifua chepesi. Nisalimie Mama Mkubwa, wapangaji wako wote, na yule fundi saa wa jirani ambaye hoja zake za kupinga barakoa zimenisaidia sana. Hata waliochanjwa huko kwenu wasalimie, sina kinyongo nao, ila wasikae karibu na vijiko.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Msimamizi wa Kundi la Ukoo na Mwalimu wa Udereva.

Tanbihi: Baba Mkubwa, lori limecheleweshwa kizuizini, kwa hiyo nimeifungua tena bahasha. Yale ya juu usiyafanyie kazi. Si kwamba nimebadili msimamo. Mama amelazwa tangu jana. Alikuwa ananiomba maji akashindwa kufika mwisho wa neno. Tuliwafukuza kuku garini, Kaka akampakata Mama kiti cha nyuma, nikaendesha mimi. Pale hospitalini mlinzi akasema ndugu hawaingii. Nikamwambia mimi ndiye msimamizi wa ukoo mzima, akaniambia nirudi nyuma ya kamba. Aliyetoka kumpokea alikuwa amejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni, sikumjua mpaka aliposema, "Mama, ni mimi, twende." Mama akamshika mkono, wala hakugeuka kutuangalia.

Anayeingia kule ndani ni yeye peke yake. Kwa hiyo nakuomba sana, usimtoe kundini. Jana jioni aliandika, "Amekunywa maji." Leo asubuhi akaandika, "Yuko kwenye oksijeni, amelala." Tangu hapo hajaandika kitu. Naogopa, Baba Mkubwa. Ukoo wote tuko hewani, Profesa yuko, Mama Mdogo yuko, na hakuna anayetuma chochote. Tunamsubiri Shemeji aandike.