Safari ya Sindano za Kioo, Kariakoo hadi Ilala

Kaeni vizuri, enyi watu wa Ilala! Mama acha kupepeta, kijana punguza redio, nanyi wa Kariakoo nyamazisheni spika zenu kitambo, kwa maana natangaza vita ambavyo mji huu haujapata kuviona. Kwa jina la Mungu, aliyeotesha maua ya kioo katika tumbo la mwamba pasipo mvua wala jembe, namtaja Winifrida, mjane wa Ilala, Nguzo ya Jumuiya, Mkono Usiotetemeka, mkusanyaji wa mawe yasiyokatwa wala kusuguliwa, ila hutazamwa tu jinsi yalivyotoka ardhini.

Asubuhi ile alisimama kwa Nassibu, muuza mawe wa Kariakoo, mbele ya jiwe la ukubwa wa limau lililoota sindano nyeupe za kioo, nyembamba kama sharubu za paka. Pamba ingezing'oa. Bajaji ingezitikisa zikawa unga. Zilitaka kubebwa wazi, bakulini, kwa miguu.

"Mama," akanena Nassibu kwa sauti ya hakimu, "la kwanza ulilonunua lilivunjwa njiani na kiwiko cha mtu. La pili, mwavuli. Hili likikatika hata sindano moja, naapa, mawe yangu mazuri yote yanakwenda Upanga kwa Mzee Abdulswamad, mwenye gari na mito ya kulazia bakuli."

"Upanga watasubiri sana, mwanangu," akajibu shujaa. Akafanya ishara ya msalaba, akatwaa bakuli, akashuka uwanjani.

Lo, jeshi gani lile! Mabegi yalimjia kama ngao, mabomba ya plastiki kama mikuki, na mbele ya wote Uwesu, simba wa mkokoteni, amepakia majora ya vitambaa mpaka jua likazibwa.

"Pisha, bi mkubwa! Umebeba bomu?"

"Nimebeba kazi ya Mungu!"

"Basi kazi ya Mungu ikae pembeni, ya tajiri yangu inapita!"

Gurudumu likamkosa kidogo tu. Ndipo akamwona Severa, muuza uji, akiupasua umati kwa ukelele mmoja: "Uji wa moto! Utaungua!" Watu wakagawanyika kama bahari mbele ya Musa. Shetani akanong'ona: sema na wewe umebeba uji. Mjane akamkemea, kwani yeye hakusema uongo hata alipoulizwa umri. Akanunua uji. Kikombe kinachofuka mkono wa kulia, bakuli mkono wa kushoto, akanguruma:

"Uji wa moto! Wa moto kweli!"

Bahari ikafunguka. Wauza viatu wakakunja miguu, madalali wakameza maneno, Uwesu mwenyewe akarudi nyuma na mkokoteni wake.

Lakini uji, jamani, hupoa. Mtaa wa Msimbazi ukiwa bado mbele, Winifrida akaonja. Vuguvugu! Hali ile ambayo Maandiko yenyewe yanaitapika. Akinyamaza, watamkanyaga. Akisema moto, ni kwenda kuungama. Akavuta pumzi, akapaza sauti:

"Uji wa vuguvugu! Ulikuwa wa moto, sasa umepoa!"

Kicheko kikapasuka mtaa mzima, na Uwesu, aliyekuwa nyuma yake na mkokoteni, akashika kiuno.

"Njooni mwone! Tangu nianze kusukuma humu sijasikia mtu anatangaza kasoro ya mali yake! Mpisheni, huyu si wa Kariakoo!"

Akageuza mkokoteni ukawa kifaru, akatangulia akipiga mbiu, "Pisha mkweli! Pisha mkweli!", na majora ya tajiri yakatembezwa mpaka Ilala. Ujira wake ukawa ule uji. Akaunywa kwa funda moja, akakunja uso.

Jiwe likawekwa kabatini, karibu na dirisha. Mjane akalikagua akiwa amebana pumzi, sindano kwa sindano.

"Ndilo hili tu?" Uwesu akainama. Jua likapenya kwenye kioo, akasahau kufunga mdomo. Kidole kikaanza kunyooka.

"Toa mkono!" ikapiga radi.

Picha ya jiwe ikaenda kwa Nassibu kwa simu. Jibu likarudi upesi: "Nzima! Mzee wa Upanga nimemwambia asije."

Basi waandike wanaoandika: siku hiyo hakufa mtu, haukuanguka ufalme, na sindano zote zilisimama.