Gari Linalokonyeza

Ijumaa, 2 Agosti

Ushindi! Au karibu na ushindi. Niandike kwa mpangilio.

Shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa kwao mke wangu, anaolewa Jumamosi ijayo. Leo tulijazana sebuleni kwa mama mkwe kugawana kazi. Ilipofika zamu ya gari la bibi harusi, kaka yao akajikohoza. Huyu tunamwita Mkurugenzi. Si mkurugenzi wa chochote. Ana simu mbili tu, na huzungumza kwenye zote mbili akiwa amesimama. Akasema gari lake jeupe jipya lipo, kwa hiyo tuendelee na ajenda nyingine.

Sijui nilipatwa na nini. Nikasimama. Nikasema bibi harusi wa ukoo huu hawezi kupanda kitu kinachofanana na jokofu. Nikasema mimi nina gari la spoti.

Kicheko. Mkurugenzi akauliza kama ni lile la chini ya turubai nyuma ya nyumba, ambamo kuku hutagia. Nikamsahihisha: kuku ni mmoja, na hutagia chini ya gari, si ndani.

Hapo mke wangu akaona upenyo. Kwa muda mrefu amekuwa akitaka pale penye gari pawe bustani ya nyanya. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba mume wake alitengeneze. Mama akilikubali, na likamfikisha bibi harusi bila aibu, hatalitaja tena mpaka uzee. Likitutia aibu, linauzwa, na nyanya zinapandwa. Mama mkwe akasema atakuja kulikagua Ijumaa. Nikapiga meza kwa ngumi: nimekubali! Chai ikamwagikia simu moja ya Mkurugenzi.

Siku njema kupita kiasi.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimelifunua. Uzuri ulioje! Milango miwili, viti viwili, pua ndefu, na zile taa zinazochomoza kutoka ndani ya boneti kama macho ya chura. Kwa kweli linachomoza jicho moja. La kulia limelala tangu mwanangu wa kwanza aote meno.

Injini ni nzima, huiwasha kila Jumapili. Kasoro zote ni za sura. Wekundu wake umefifia mpaka umekuwa rangi ya ufizi. Viti vimebonyea. Kuku amehamishwa kwa heshima zote, pamoja na mayai yake.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Ndiyo maana nimepewa stoo ya kiwanda cha magodoro, na hakuna godoro lililowahi kupotea mikononi mwangu. Mtu anayeweza kutunza kitu kikubwa na laini kiasi kile atashindwaje na gari?

Jumapili, 4 Agosti

Msasa kutwa nzima. Nimekuwa mwekundu kuanzia kope. Mtoto wa jirani aliniona akakimbia.

Nikiwa nimelala chini nikisugua bampa, nikaona miguu ya mke wangu. Alikuwa na kamba na vijiti. Anapima bustani. Amechomeka kijiti kimoja katikati ya magurudumu yangu ya mbele, akaniomba nisogeze kichwa, kamba ipite. Nikamuuliza kama haoni mapema mno. Akasema nyanya zinataka maandalizi.

Nimesogeza kichwa. Lakini kwa dharau.

Jumatatu, 5 Agosti

Viti! Nimeomba vipande vya sponji vilivyobaki kazini. Msimamizi akasema nichukue tu. Sikuchukua ile laini ya vitanda vya watoto. Nimechukua ile ngumu tunayowatengenezea wagonjwa wa mgongo. Nikaijaza ndani ya vile viti mpaka nyuzi zikalia.

Nikakaa. Raha isiyo na mfano. Nikajigonga kichwa kwenye paa.

Inaonekana sponji hii haibonyei. Sasa huendesha nikiwa nimeinamisha shingo upande, kidevu kikigusa bega. Mke wangu alinichungulia dirishani akasema nafanana na mtu anayeomba msamaha. Nikamwambia huo ndio mkao wa madereva wa mbio. Akaniuliza wanaomba msamaha kwa nani.

Jumatano, 7 Agosti

Leo rangi. Muuza rangi akaniuliza naipaka wapi. Nikamwambia juu ya chuma. Akanipa kopo la rangi ya mageti. Nilisita kidogo, kisha nikafikiri kwa utulivu. Geti ni chuma. Geti hukaa juani. Geti hufunguliwa na kufungwa kama mlango wa gari. Tofauti ni kwamba geti haliendi popote, na gari langu nalo halijaenda popote siku nyingi.

Nimepaka kwa brashi, mivuto mirefu, huku nikiimba. Limewaka! Jekundu kama nyanya! (Nimelifuta neno hilo kichwani mara moja.)

Kisha upepo ukaanza, na vumbi, na kuku ana kinyongo. Nikaifunika boneti kwa magazeti ya zamani na kuyakandamiza kwa mawe. Mtu mwingine angeacha vumbi litue. Mimi huona mbali.

Alhamisi, 8 Agosti

Msiba! Msiba halisi.

Rangi ilikuwa bado mbichi. Nimeyabandua magazeti, na wino wote umebaki kwenye boneti. Nilikuwa nimelaza ukurasa wa matangazo ya vifo. Sasa katikati ya gari la harusi kuna mzee mwenye miwani na tai, anatabasamu, na chini yake mistari ya maandishi yaliyogeuka nyuma mbele.

Nikafuta kwa petroli. Maandishi hayakutikisika. Mzee akazidi kung'aa.

Kupaka upya haiwezekani, haitakauka mpaka kesho. Nikaamua kushughulikia taa ili nitulize moyo. Nyaya zote zilikuwa kijani, au zamani zilikuwa rangi nyingine. Nikaunganisha kijani na kijani. Jicho la kulia likachomoza! Niliruka nikajigonga tena, safari hii kwenye mlango.

Kuna kasoro moja ndogo. Jicho hilo huchomoza tu ninapowasha indiketa ya kushoto, na hupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Nilijaribu barabarani. Polisi wa trafiki alisimamisha magari ya pande zote, akalitazama langu likimkonyeza, akatuachia tupite bila kusema neno. Nadhani aliona haya.

Ijumaa, 9 Agosti

Ukaguzi.

Wamekuja alasiri. Mama mkwe mbele, bibi harusi nyuma yake, Mkurugenzi nyuma kabisa akimsimulia mtu kwenye simu kila anachokiona. Nilikuwa nimeweka shada la maua juu ya yule mzee. Upepo ukaliondoa.

Mama mkwe akainama. Akatoa kioo chake cha poda mkobani, akakielekeza kwenye boneti, akasoma kwa sauti, taratibu, jinsi familia inavyowashukuru majirani wote waliojitolea kwa hali na mali. Kisha akasema marehemu alikuwa mtanashati.

Mkurugenzi akaiambia simu yake kwamba gari la harusi lina maiti. Nikaona nyanya zikichipua. Kwa hofu nikaingia ndani ili niliondoe machoni pao, na mkono wangu ukagusa indiketa.

Jicho likachomoza. Likamkonyeza mama mkwe.

Bibi harusi akacheka mpaka akakaa chini kwenye kijiti cha bustani. Akasema hataki jokofu la kaka yake. Anataka hili linalokonyeza. Mkurugenzi akamwambia asiwe mtoto. Akamjibu: kaka, harusi ni yako au yangu? Mama mkwe akarudisha kioo mkobani akasema mwenye harusi ameshasema, ila yule bwana afunikwe kwa maua mengi. Aliponipita akaninong'oneza kwamba hajakonyezwa tangu baba mkwe astaafu.

Mke wangu amevuta kamba yake akaizungusha kwenye kijiti, polepole. Hajaking'oa kijiti.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku kuu. Naandika nikiwa bado na tai, kwa sababu haivuliki. Imegandishwa na rangi.

Asubuhi niliona mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa mlango wa abiria. Mdogo sana. Hakuna mtu mwingine ambaye angeuona. Lakini mimi nimeuona, na kopo lilikuwa na rangi kidogo iliyobaki. Nikaupaka. Kwa vile brashi ilikuwa imeshalowa, nikapaka ukingo wote.

Bibi harusi akatoka. Malkia! Ndipo ndugu wa bwana harusi aliyekuja kumsindikiza akauliza yeye akae wapi. Viti ni viwili. Mimi nakaa kimoja. Siku zote hizi nimepima kila kitu cha gari hili isipokuwa idadi ya makalio. Msindikizaji akaenda kwa Mkurugenzi, ambaye alimfungulia mlango kwa furaha iliyozidi.

Tukaondoka. Kwa sponji ile, bibi harusi naye alikaa kichwa kikigusa paa, shingo upande wa kulia. Mimi shingo upande wa kushoto. Tuliongozana barabarani kama watu wawili wanaosikiliza ukuta mmoja. Maua kwenye boneti yalinizibia njia, kwa hiyo yeye akawa ananielekeza. Kushoto shemeji! Nikiwasha indiketa, gari linakonyeza, watu wa pembeni wanapiga vigelegele. Kulikuwa na kushoto nyingi sana. Nyingine nadhani alizibuni mwenyewe.

Tumefika ukumbini! Kwa wakati! Ngoma, kamera, mama mkwe kasimama kwenye ngazi. Nikazunguka kwa madaha kumfungulia mlango.

Mlango haukufunguka.

Ile rangi ilikuwa imekauka juani, mlango ukiwa umefungwa. Nikavuta. Nikaweka mguu kwenye gari nikavuta. Kishikio kikabaki mkononi mwangu. Kutokea upande wangu ilishindikana, maana gauni na ule usukani na sponji havikupatana. Mkurugenzi akaja na simu zote mbili akatangaza kwamba dada yake amefungiwa ndani, na kwamba wanaukoo watulie. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Ndani ya gari bibi harusi alikuwa anacheka.

Ikabidi atolewe kupitia buti. Tukalaza kiti, akajivuta kinyumenyume, Mkurugenzi akamshika miguu, bwana harusi akamshika Mkurugenzi kiuno, mimi nikaongoza. Alitoka kama mkate kwenye tanuri. Pindo la gauni lilibaki limegandia mlangoni, mama mkwe akalikata kwa mkasi wa mpamba maua, naye bibi harusi akashukuru kwamba sasa anaweza kucheza.

Na alicheza!

Maua yalikuwa yamedondoka. Katika picha ya familia tumesimama sote mbele ya boneti, na yule mzee anatabasamu katikati, kama ndiye aliyelipia harusi.

Jumapili, 11 Agosti

Hukumu.

Nilijitetea vizuri. Nikamwambia mke wangu sharti lilikuwa kumfikisha, na alifika. Akasema alifika, ila hakushuka. Nikasema kushuka hakukutajwa. Akasema aibu ilitajwa. Nikauliza aibu ipi, watu walipiga makofi. Akaniomba nijitazame kwenye kioo nikiwa na tai.

Nilikwenda kukaa ndani ya gari, shingo upande. Nilinunua gari hili nikiwa sina hata meza. Nilimwendea mke wangu nalo mara ya kwanza, akaliita chura, akapanda hivyo hivyo.

Kuku amerudi. Tumekaa wote wawili.

Nimerudi ndani nikamwambia sawa, litauzwa. Ahadi ni ahadi. Amenishika bega. Amesema atanipa nyanya ya kwanza.

Jumanne, 13 Agosti

Limeuzwa!

Na kwa nani? Maharusi wenyewe! Bibi harusi alimwambia mumewe hataki zawadi nyingine yoyote duniani. Wamekuja wakalichukua wakicheka, yeye akiingia kwa kupitia buti kwa hiari yake. Amekataza mzee asifutwe. Amempa jina, anamwita Mshenga. Wamekata kona ya kwanza kushoto, jicho likanikonyeza kwa mara ya mwisho. Nilipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Mke wangu amefurahi kupita maelezo. Amekwenda kununua miche.

Kwa hiyo bado hajui jambo moja. Bwana harusi hakuwa na fedha taslimu, harusi imewakausha. Tumebadilishana. Amenipa gari aliloachiwa na mjomba wake. La spoti! Limefika sasa hivi likivutwa kwa kamba. Refu kuliko langu, lina rangi ya buluu sehemu ambazo lina rangi. Nimeliegesha kwa uangalifu, ni gurudumu moja tu lililoingia kwenye bustani.

Lina kasoro moja tu ya sura. Halina paa. Lakini paa la gari kama hili ni kitambaa, na kiwandani kuna mabaki ya vitambaa vya magodoro, vile vya maua maua. Ni kazi ya kushona tu, siku moja, mbili zikizidi.

Mke wangu ana cherehani.