Kibanda cha Beryl

Ijumaa, 2 Mei

Siku ya kumi na tisa bila mke wangu Beryl. Yuko Scarborough kwa dada yake. Nyumba kimya. Hata birika likichemka linanitia simanzi, maana nasahau na kutoa vikombe viwili.

Alipoondoka alisema amechoka kuishi na vitu vilivyoanzwa. Akataja bafu. Akataja mlango wa jikoni. Akataja na ile rafu ya vikombe saba vya marehemu mama yake, ambavyo vimekaa kwenye boksi chini ya meza miaka tisa. Rafu! Mwanamke haondoki nyumbani kwa sababu ya rafu. Anataka jambo kubwa, ila anaona haya kulisema.

Nimelipata. Kibanda bustanini, chenye dirisha na kiti, anywe chai akitazama waridi zake. Anakuja Jumatatu, sikukuu, kuchukua nguo za kiangazi. Akikiona, nguo zitabaki kabatini.

Mbao zimefika saa nne. Karatasi ya maelekezo nimeitupa. Hiyo ni ya watu kama Ogden.

Jumamosi, 3 Mei

Ogden ni jirani yangu, seremala mstaafu. Kibanda chake kina mapazia. Leo amechungulia juu ya uzio akauliza kama nimepima. Nikamwambia macho yangu ndiyo pima maji.

"Basi yanunulie miwani, jirani," akasema, akaniazima pima maji yake, ile ya kupimia kama kitu kimenyooka. Nimeipokea kwa adabu tu. Nimeiweka juu ya boksi la vikombe.

Nimemkomoa lakini. Huku kwetu mtu mstaarabu humgeuzia jirani upande mzuri wa uzio, mwenyewe akabaki na upande wa nguzo na misumari. Kwa nini iwe uzio tu? Nitampa Ogden upande mzuri wa kibanda kizima! Mlango wa kijani, dirisha, vyote vimtazame yeye. Hatalala kwa wivu.

Beryl angecheka. Zamani alikuwa akicheka sana na mimi.

Jumapili, 4 Mei

Kimesimama! Kuta nne na paa. Nimekisogeza karibu na uzio, kwa kuwa katikati pana waridi, na anayegusa waridi za Beryl amejitakia. Dirisha nimelipigilia misumari lisitikisike.

Tatizo dogo. Mlango unafunguka shubiri mbili, kisha unagonga uzio. Dirisha nalo halioni waridi. Linamwona Ogden.

Ogden alisimama muda mrefu upande wake. Mwishowe akauliza, "Norman, humo ataingia nani, paka?"

Nikamjibu kwamba ustaarabu una gharama zake. Kesho asubuhi nitaingia kwa kubana tumbo, nitoboe mlango wa pili upande wa waridi kabla basi la Beryl halijafika. Mvua imeanza.

Jumatatu, 5 Mei

Niliingia. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, nikavuta, nikasukuma, wapi! Msumeno niliuacha nje, kwenye nyasi.

Saa nne nikasikia hatua za Beryl. Miaka thelathini na mmoja, siwezi kuzikosea. Ogden akamweleza yote, tena kwa furaha, akajitolea kuja kuubomoa ukuta.

"Mwache kwanza," Beryl akasema. "Niazime keekee yako, bwana Ogden."

Nikasikia keekee ikinguruma na kutoboa ukuta jikoni mwangu. Dakika ishirini, basi. Kisha akaja akasimama nyuma ya ukuta usio na dirisha.

"Rafu nimeitundika, Norman. Miaka tisa nilikuomba ubao mmoja. Leo umenijengea mbao sitini, na huwezi kutoka."

Nilikuwa na hotuba. Ilinipotea yote. Nikamwambia kupitia ufa kwamba kibanda ni chake, kwamba kila asubuhi natoa vikombe viwili, na kwamba nyumba haikaliki bila yeye.

"Nitakuja Jumamosi," akasema, na sauti imelegea. "Nikae wiki moja, tuone. Ila usiguse kitu, Norman. Kitu chochote. Nikukute umekaa tu."

Nikaapa. Ogden aliponitoa, basi la Beryl lilikuwa limeshaondoka. Juu ya meza kulikuwa na kikombe kimoja cha mama yake, kina chai, amekifunika kwa kisahani. Chai ilikuwa bado vuguvugu. Nimeinywa polepole mpaka tone la mwisho.

Jumanne, 6 Mei

Nimeosha kikombe, nimekirudisha kwa wenzake kwenye rafu. Sasa viko saba, vimepangwa vizuri kweli. Nimekaa tangu asubuhi navitazama, sijagusa kitu. Siku nne! Nitanunua keki ya limau anayoipenda.

Saa tisa. Rafu inainama kushoto. Kidogo sana, lakini inainama. Pima maji inasema imenyooka, ila hiyo ni ya Ogden, unategemea iseme nini? Siwezi kumwacha Beryl arudi akute rafu imepinda. Amesubiri miaka tisa, anastahili iliyonyooka.

Vikombe nimeviacha palepale, havina uzito. Nimelegeza skrubu moja tu.