Pumzi ya Kuazima

Jumatatu, 4 Machi
Saratani! Kooni, pale sauti inapotokea! Daktari kasema bado ni ndogo, mionzi ya wiki sita yaweza kuimaliza. Kisha Boitshepo, nesi wa kliniki ya kuacha sigara, kaniambia moshi unadhoofisha kazi ya mionzi, na sauti inaweza kupotea kabisa. Sauti! Mwezi wa tano wakwe wanakuja kijijini kwetu Mochudi kumposa Gorata, binti wa dada yangu. Mjomba ndiye msemaji! Nikiwa bubu atasema mdogo wangu Mothusi, mtu anayebabaika hata akiagiza nyama. Nimemwambia nesi sina shida, nilishaacha sigara mgodini kwa siku moja, wachimbaji mia tatu wakatoa machozi. Akauliza nilirudia lini. Swali la ajabu.

Jumatano, 6 Machi
Nimetafuna majani ya mpera. Nimeoga mara mbili. Koti la kanisani. Hakuninusa hata kidogo! Katoa kimashine cha kupima moshi ndani ya pumzi, eti Rra Molefhi, yaani Bwana Molefhi, puliza hapa. Ishirini na mbili! Asiyevuta, kasema, huwa chini ya saba. Nikasema ni moshi wa kuni. Mke wangu, mbele za watu, akasema kwetu tunapikia gesi tangu mwaka juzi. Nesi hakugomba. Kanipa viraka vya dawa vya kubandika begani na namba ya kumpigia hamu ikinishika. Bora angegomba.

Ijumaa, 8 Machi
Akili imefanya kazi! Mothusi hajagusa sigara maishani, ni mzee wa kanisa, na sura zetu ni moja. Nimemvika kofia yangu, nikampa kadi yangu, nikajibanza koridoni. Kapuliza. Kumi na tisa! Mdogo wangu! Kakiri mwenyewe, miaka kumi na moja anavuta nyuma ya kanisa! Nesi kamvua kofia, kachungulia koridoni, kauliza ni yupi kati yetu anayeumwa koo. Katuandikisha wote wawili.

Jumatano, 13 Machi
Mothusi ana nne. Kikundi kizima cha wanaoacha sigara kimempigia makofi. Mimi kumi na saba. Nesi kanikalisha pembeni, kasema taratibu kwamba mionzi imeshaanza, hatanificha kitu, na sauti ninayoichezea ni yangu mwenyewe. Nikampigia Gorata nimwambie wanakuza mambo. Akasema, "Mjomba, mimi nataka uwepo tu. Hata ukinong'ona." Nimetupa pakiti chooni. Kweli nimetupa.

Jumatatu, 18 Machi
Tano! Makofi! Wawili wamesimama, na wa tatu angesimama kama si dripu! Nesi kanishika mkono kwa mikono miwili. Nikawahutubia nusu saa, kwa ukarimu tu. Kisha nikapiga hesabu. Msafi ni chini ya saba. Mimi ni tano. Hapo katikati pana nafasi, hata mtoto wa darasa la pili anaiona! Sigara moja tu, ya kujipongeza. Mothusi kakataa kunisindikiza, kaniita jitu zima lisilo na haya. Mnafiki! Nikaenda getini kumwomba mlinzi. Nafungua mdomo, sauti haitoki! Najaribu tena. Upepo mtupu! Nikaweka vidole viwili mdomoni. Akaelewa papo hapo, akanipa na kiberiti. Msemaji ni msemaji! Wakwe waje tu.