Huwezi Kuzinduka Bila Kuzimia

Jumatatu, 3 Juni
Kijiko ametumbukiza kijiko chake kwenye chai yangu sasa hivi, akachungulia kimekwenda wapi, akacheka peke yake. (Ndiyo maana tunamwita Kijiko. Hata usingizini hakiachi.) Mwanangu mzuri jamani! Lakini leo siandiki habari zake. Naandika habari za roho.

Jana kwenye darasa la kimya Mwalimu alisema akili ni mlinzi wa getini tu, roho ndiyo mwenye nyumba. Siku mlinzi akiacha kelele, mtu huzinduka. Wifi yangu akanyoosha mkono. Eti yeye alishazinduka, wiki iliyopita, akipiga pasi. Yeye huyohuyo aliyeunguza kola ya mteja! Tunapiga pasi meza moja na sikuona lolote.

Jumanne, 4 Juni
Wifi hasalimii siku hizi. Anatabasamu tu. Nimemwomba maji ya kunyunyizia nguo, akasema maji ni mimi mwenyewe. Nikayachota mwenyewe.

Nimewaza. Shule niliachia njiani, lakini Kiswahili nakijua: anayezinduka ni aliyezimia. Mtu hazinduki hivi hivi! Basi nitazimia kwanza. Kila jambo na hatua zake.

Jumatano, 5 Juni
Nimebana pumzi nyuma ya mlango. Nimepata kwikwi tu. Kijiko naye akabana, mashavu kama mpira. Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefaulu nusu! Nilizunguka kazini kama pia, kizunguzungu kikanibeba, nikaangukia kapu la mashuka. Nikafumba macho kungoja roho. Yakaja maji. Ndoo nzima, mkono wa wifi. Mashuka yote yamerudi kambani.

Baya zaidi, wifi kakimbilia kwa mama yake. Mama mkwe kaja mbio, kanishika tumbo, kapiga kigelegele. Mimba hiyo! Nikasema hapana, mama. Akasema wote husema hapana. Kwa hiyo Kijiko aachishwe ziwa. Jumamosi anamchukua akakae kwake mpaka asahau. Nikalia. Akasema hata kulia ni dalili.

Ijumaa, 7 Juni
Baba Kijiko ameanza kutafuta majina. Nikisema ukweli, wifi atanicheka mpaka nizeeke. Nikinyamaza, mwanangu anaondoka. Nimekunja nguo zake. Nimezikunjua. Nimezikunja tena.

Jumamosi, 8 Juni
Nimesema! Kijiko alishakuwa mgongoni kwa bibi yake, mfuko uko mlangoni, ananipungia kijiko. Ikanitoka: sina mimba, nilijizimisha ili nizinduke. Mama mkwe akauliza kama nina homa. Wifi akacheka mpaka akakaa chini, na katika kucheka ikamponyoka kwamba hata yeye siku ile alizinduka kwa sababu alikuwa amesinzia juu ya pasi. Kola hiyo! Nikacheka na mimi. Mama mkwe akamshusha mtoto, akasema kumbe wa kulelewa ni mimi. Anahamia hapa kwa muda.

Jioni Kijiko alinikalia mapajani tukatazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha. Kichwa chake kinanukia sabuni. Sikuwaza kitu. Hata jina langu sikulikumbuka, wala sikulihitaji. Vumbi, mwanga, na pumzi yake. Nilipostuka mwanga ulishaondoka. Muda wote ule umepotea bure, wala sijafanya zoezi la roho hata moja!

Jumapili, 9 Juni
Mwalimu kasema kuzimia si lazima. Angesema mapema! Ila leo kaleta neno jingine zito: mtu afe kabla ya kufa. Wifi akanitupia jicho. Najua anachopanga, lakini safari hii hanitangulii. Shuka jeupe la mteja ninalo, limenyooka vizuri. Mama mkwe amelala chumba cha pili. Nimejinyoosha mkekani, shuka mpaka kidevuni, naandika kwa mkono mmoja. Kijiko amekaa kando yangu ametulia, kijiko mkononi, kama anayejua. Kilichobaki ni kujifunika uso na kunyamaza. Na leo hakuna wa kunielewa vibaya, maana mtu akiingia akanikuta hivi atajua moja kwa moja kwamba — abee, mama! Mzima! Mimi mzi